Ngazi Nne za Walimu wa Upanga

Mtu akishonewa nguo vibaya, nguo hupasuka, naye huenda kutafuta fundi mwingine. Lakini mtu akifundishwa upanga vibaya, hajui kwamba amefundishwa vibaya mpaka siku ile anaposimama mbele ya adui. Na siku hiyo hakuna tena nafasi ya kutafuta mwalimu mwingine. Kwa sababu hiyo watu wa kale walitaka sana kujua ni nani aliye mwalimu wa kweli, na ni nani ajitapaye tu. Habari hizi zaeleza jinsi watu wa mji wa London, katika nchi ya Uingereza, walivyolijibu swali hilo zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Katika karne ya 16 wanaume wengi wa Ulaya walitembea na upanga kiunoni. Njia za mji zilikuwa na giza usiku, askari polisi hawakuwapo kama walivyo siku hizi, na ugomvi wa neno moja uliweza kuishia katika damu. Basi vijana wengi walitaka kujua kujikinga, na wazee wao walikuwa tayari kulipa fedha ili wafundishwe. Nanyi mwajua ya kuwa penye fedha hapakosi wadanganyifu. Watu ambao hawakufundishwa na mtu yeyote walijiita walimu, wakapokea fedha za vijana, wakawaacha bila ujuzi wa kufaa.

Tena watawala wenyewe waliziogopa shule za upanga. Mwaka 1285, katika enzi ya Mfalme Edward I, ilitolewa sheria kwamba mtu asiweke shule ya upanga na ngao katika mji wa London. Na mwenye kuvunja sheria ile alitishiwa kifungo cha siku 40. Serikali ilidhani ya kuwa shule hizo zilikuwa mahali pa kukusanyika watu wabaya, ambao walijifunza mchana yale waliyoyatenda usiku. Basi mwalimu mwema aliteswa kwa mambo mawili: wadanganyifu walimharibia kazi, na sheria ilimhesabu pamoja nao.

Mwaka 1540 mambo yalibadilika. Mfalme Henry VIII aliwapa walimu wa upanga wa London hati ya kifalme. Katika hati hiyo aliwapa uwezo wa kuwatafuta wale waliofundisha pasipo kujaribiwa, na kuwazuia. Basi walimu wakawa chama chenye nguvu ya mfalme nyuma yake. Lakini nguvu hiyo iliwaletea deni pia. Ikiwa wao watawazuia wengine kwa kuwa hawakujaribiwa, hawana budi kuonyesha kwamba wao wenyewe wamejaribiwa kweli kweli. Hiyo ndiyo maana ya ngazi nne za chama kile.

Chama kiliongozwa na walimu wanne walioitwa walimu wazee. Hao ndio waliopanga siku za mashindano, wakaamua nani apandishwe cheo, na nani angoje. Daftari yao iliyoandikwa kwa mkono ingalipo mpaka leo, imehifadhiwa katika British Library, mjini London. Humo mna kanuni zao, viapo vyao, na majina ya watu walioshindana, pamoja na silaha walizotumia na mahali waliposhindania. Kwa hiyo mambo mengi ya chama kile hayajulikani kwa masimulizi tu, bali kwa maandiko yao wenyewe.

Ngazi ya kwanza ilikuwa ya mwanafunzi. Kijana alikwenda kwa mwalimu mmoja, akalipa ada, akaanza kufundishwa. Huenda alidhani kwamba atafundishwa kwanza namna ya kupiga. Sivyo. Waingereza waliiita kazi ile elimu ya kujikinga, wala si elimu ya kuua. Na jina hilo lilikuwa na maana. Mtu ampigaye adui naye akapigwa papo hapo hana ujuzi wowote, hata kama pigo lake lilikuwa zuri, kwa maana wote wawili huzikwa siku moja.

George Silver, Mwingereza wa siku zile aliyeyapenda sana mafundisho ya kale ya nchi yake, aliandika kitabu mwaka 1599, na katika maandiko yake alieleza jambo moja ambalo hata mtoto aweza kulijaribu. Alisema kwamba mkono wa mtu ni mwepesi kuliko mwili wake, na mwili kuliko mguu. Basi ukitaka kupiga, mkono na uende kwanza, mguu ufuate. Ukitanguliza mguu, unajipeleka mbele ya adui kabla upanga wako haujafika mahali pa kukukinga, naye atakupiga bila taabu. Chukua kijiti mkononi, simama mbele ya mti, jaribu namna zote mbili polepole, nawe utaona kwamba maneno yake ni kweli. Jambo hilo laweza kuelezwa kwa dakika moja. Lakini kulizoeza mwili, hata mkono utangulie wenyewe bila kufikiri, ni kazi ya miaka.

Mwanafunzi alipokuwa tayari, mwalimu wake alimpeleka mbele ya walimu wazee ili aombe kupanda ngazi ya pili, yaani cheo cha mwanafunzi huru. Wazee hawakuridhika na maneno ya mwalimu, maana kila mwalimu humsifu mwanafunzi wake. Walimtaka kijana apigane na wanafunzi wenzake wasiopungua 6, wakipatikana, kwa silaha za namna mbili: upanga mrefu ushikwao kwa mikono miwili, na upanga wenye makali upande mmoja. Alipigana na wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, na kuendelea. Yeye alikuwa mmoja tu, amechoka. Wao walikuwa wengi, na kila ajaye alikuja na nguvu mpya.

Huenda mtu akasema kwamba desturi hiyo ilikuwa ya kumwonea kijana. Lakini ilikuwa na sababu. Mtu mwenye nguvu mpya aweza kuuficha ujinga wake kwa wepesi na kelele. Akiisha kuchoka, nguvu zikamwishia, hubaki yale tu aliyofundishwa vema. Hapo ndipo huonekana kama mkono watangulia au mguu, kama anajikinga au anajitupa tu. Wala kijana hakulazimishwa kumshinda kila mmoja. Wazee walitazama jinsi alivyosimama, jinsi alivyojikinga, na kama hasira ilimtawala alipopigwa.

Mwanafunzi huru alikuwa mtu wa kuheshimiwa, lakini hakuwa mwalimu bado. Kanuni ilimtaka akae katika ngazi ile miaka 7 kabla ya kuomba ngazi ya tatu. Twaweza kuiita ngazi hiyo ya naibu, kwa kuwa aliye nacho cheo hicho alikuwa chini ya mwalimu tu. Kisha ilimpasa naibu akae miaka mingine 7 kabla ya kuomba cheo cha mwalimu. Ukijumlisha miaka hiyo utapata 14, wala hujahesabu bado ile ya mwanzo, alipokuwa mwanafunzi mchanga. Ni kweli kwamba daftari yao yaonyesha ya kuwa kanuni ya miaka haikufuatwa sikuzote, na wengine walipandishwa mapema. Hata hivyo kanuni yenyewe yatufahamisha mawazo ya watu wale: walijua ya kuwa mkono waweza kujifunza upesi, lakini busara haiji ila kwa miaka.

Naibu alikuwa na ruhusa ya kufundisha wengine, lakini kwa utii kwa mwalimu wake. Ili kupata cheo hicho alishindana kwa silaha tatu, na miongoni mwake mlikuwamo gongo refu la mti. Watu wengine hushangaa kusikia habari za gongo, wakidhani ni silaha ya wachungaji. Lakini walimu wa London waliliheshimu sana, na Silver alilisifu kuliko panga nyingi, kwa sababu lafika mbali na hushikwa kwa mikono miwili.

Aliyetaka unaibu aliitwa kupigana na manaibu, na aliyetaka ualimu aliitwa kupigana na walimu. Mtu hakupimwa na wale aliowapita, bali na wale aliotaka kuwa mmoja wao. Tena ilimpasa kuwapelekea habari mapema kwa hati ya mwito, akitaja siku, mahali na silaha, ili mtu asije akasema baadaye, “Mimi sikujua, ningalikuwapo, asingalipita.”

Sasa na tuitazame siku yenyewe ya shindano. Mashindano ya vyeo hayakufanywa katika chumba kilichofungwa. Yalifanywa hadharani, mara nyingi katika ua wa nyumba kubwa za wageni, kama ile iliyoitwa Bull katika mtaa wa Bishopsgate, na ile iliyoitwa Bel Savage katika Ludgate Hill. Baadaye yalifanywa pia katika nyumba za michezo ya kuigiza, kama Theatre na Curtain. Katikati ya ua paliwekwa ulingo wa mbao, na watu walijaa kuuzunguka, wengine wakitazama toka roshani za juu. William Lambarde, mwandishi wa siku zile, alieleza gharama ya kwenda kutazama mambo kama hayo: peni moja langoni, peni ya pili kwa kupanda jukwaani, na peni ya tatu kwa kupata mahali patulivu pa kusimama.

Watazamaji walipofurahi walitupa fedha ulingoni. Mcheza kwao hutunzwa, nao Walondon walijua kutunza. Lakini palikuwa na faida kubwa kuliko fedha. Mji mzima ulipata kuona kwa macho yake kama fulani ajua kazi au hajui. Kesho yake mzazi aliyetaka kumpeleka mwanawe shule ya upanga hakuhitaji kuamini maneno ya mtu. Alikuwa ameona mwenyewe, au jirani yake ameona. Hivyo cheo cha mwalimu hakikuwa siri ya wazee wanne. Kilikuwa na mashahidi mamia.

Panga za shindano zilikuwa butu, lakini zilikuwa za chuma, na watu waliumizwa. Mojawapo ya kanuni zao yaonyesha jambo hilo waziwazi, tena yaonyesha busara yao. Kanuni hiyo yasema kwamba mtu akimpiga mwenye kujaribiwa, kisha akamrukia na kumshika papo hapo, hata yule asiweze kurudisha pigo, hatahesabiwa ushindi, ijapokuwa amempasua kichwa. Wazee hawakutaka kuona nani aweza kubahatisha pigo moja na kukimbilia kukumbatia. Walitaka kila pigo lipate jibu lake, ili ujuzi wa pande zote mbili uonekane.

Daftari yao yataja watu wa kazi mbalimbali, na mmoja wao alikuwa maarufu sana. Huyo ni Richard Tarlton, mchekeshaji aliyempendeza Malkia Elizabeth I na watu wote wa London. Alipotoa kichwa tu nyuma ya pazia, watu walianza kucheka. Lakini mcheshi huyo alikuwa pia mtu wa upanga, na mwaka 1587 jina lake liliandikwa miongoni mwa walimu wa chama. Alikufa mwaka uliofuata.

Mtu alipofika ngazi ya nne aliapishwa. Upanga una mpini, na kati ya mpini na makali kuna chuma kilichokingama, hata upanga ukisimamishwa huwa na umbo la msalaba. Mwalimu mpya aliapa kwa msalaba ule wa upanga. Na maneno ya kiapo ndiyo yanayotuonyesha vema kuliko yote maana ya cheo kile.

Aliapa kwamba ataipenda kweli na kuuchukia uongo. Aliapa kwamba hatamfundisha mtu anayeshukiwa kuwa muuaji, wala mwizi, wala mlevi, wala mgomvi wa kila siku. Aliapa kuwa na huruma: adui yake akianguka miguuni pake, au akiwa hana silaha, au akiwa amempa kisogo, asimwue, isipokuwa katika utumishi wa mfalme. Aliapa kuwasaidia wajane na yatima. Na mwalimu mwenzake akishikwa na ugonjwa na umaskini, kuwakumbusha wengine, wakutanapo katika mashindano, wamchangie fedha.

Fikirini maneno hayo. Mwanafunzi mchanga hakuwa na mzigo mkubwa. Kazi yake ilikuwa kutii na kujifunza. Kila alipopanda ngazi, alipata uwezo zaidi, na kwa kila uwezo alifungwa kwa ahadi. Aliyefika juu kabisa, ambaye mkono wake uliweza kumwua karibu mtu yeyote, ndiye aliyefungwa kuliko wote asiue. Wengi hudhani kwamba mtu hupanda cheo ili awe huru kufanya apendavyo. Walimu wale waliona kinyume chake.

Hata hivyo si kila mtu katika London aliyefundisha upanga alipanda ngazi zile. Katika enzi ya Malkia Elizabeth I walikuja walimu kutoka Italia. Walifundisha upanga mwembamba na mrefu, wenye ncha kali ya kuchoma, ambao ulikuwa mtindo mpya uliopendwa na wakubwa. Mmoja wao, Rocco Bonetti, alikuwa na shule nzuri ambamo mabwana wa nyumba ya malkia walifundishwa kwa ada kubwa. Mwingine, Vincentio Saviolo, aliandika kitabu juu ya elimu yake, kikapigwa chapa London mwaka 1595.

Walimu wa kale hawakupendezwa. Si kwa sababu ya wivu wa fedha tu, ingawa wivu nao haukukosekana, bali kwa sababu watu hawa walifundisha bila kupita mtihani wa hadhara. George Silver asimulia kwamba yeye na ndugu yake Toby walimwita Saviolo na mwenziwe Jeronimo waje kushindana nao katika nyumba ya Bel Savage. Waliandika hati za mwito, wakazibandika katika London, Westminster na Southwark, wakataja silaha nyingi, tangu upanga mwembamba wa Waitalia wenyewe mpaka gongo refu. Tena walitaka shindano lifanywe juu ya jukwaa lililoinuka, ili mtu atakayerudi nyuma kupita kiasi awe katika hatari ya kuanguka na kuvunja shingo. Siku ilipofika watu wengi walikusanyika. Lakini Waitalia hawakuja, ijapokuwa, kama Silver asemavyo, hati iliwafikia.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba habari hizo twazisikia upande mmoja tu. Silver alikuwa mpinzani wao mkubwa, na kitabu cha Saviolo chaonyesha mtu mwenye elimu na adabu, asiyependa watu wapigane kwa mambo ya upuuzi. Huenda hakuwa mwoga. Huenda aliona tu ya kuwa mwalimu wa mabwana hana sababu ya kupanda ulingo mbele ya watu wa sokoni. Lakini hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mtu asiyekubali kujaribiwa mbele ya watu aweza kuwa hodari kweli, ila watu hawana njia ya kumjua. Atasifiwa na rafiki zake na kushutumiwa na adui zake, na ukweli utabaki umefichika mpaka leo, kama ulivyofichika katika habari za Silver na Saviolo.

Wala si Waingereza peke yao waliofanya hivyo. Katika Ujerumani palikuwa na chama cha watu wa upanga kilichoitwa Marxbrüder, maana yake ndugu wa Marko Mtakatifu. Mwaka 1487 Kaisari Frederick III aliwapa hati ya kuwa wao ndio wenye haki ya kutoa cheo cha mwalimu wa upanga. Makao yao yalikuwa katika mji wa Frankfurt, na aliyetaka cheo alikwenda huko wakati wa soko kuu, wafanyabiashara walipokuwa wamekusanyika kutoka nchi nyingi, akajaribiwa na walimu wa chama. Nchi ilikuwa nyingine na lugha nyingine, lakini wazo lilikuwa lile lile: cheo hutolewa na wanaojua, baada ya jaribio.

Chama cha London hakikudumu. Katika karne ya 17 kilififia, na haki yake ya pekee ikaisha. Mashindano yalibaki, lakini roho yake ilibadilika. Watu walipanda ulingoni kwa ajili ya fedha za watazamaji, wala si kwa ajili ya cheo. Na katika karne ya 18 wapiganaji kama James Figg walijulikana mji mzima, lakini hapakuwa na walimu wazee wa kuwapima wala kiapo cha kuwafunga. Bastola nazo zilienea, na desturi ya kuchukua upanga kiunoni ikaachwa. Elimu ya zamani ikabaki katika vitabu tu.

Lakini kitabu kilichohifadhiwa ni kama mbegu kavu: yaweza kulala miaka mingi, kisha ikaota. Mwishoni mwa karne ya 19 Egerton Castle na Alfred Hutton, mabwana wawili wa London, walianza kuvifungua vitabu vile vya kale na kujaribu mafundisho yake kwa panga za kweli. Castle alipiga chapa historia ya shule na walimu wa upanga mwaka 1885. Tangu miaka ya 1990 kazi hiyo imekua sana, na leo viko vyama vingi vya upanga wa kale katika Ulaya, Marekani na kwingineko, ambamo wanaume na wanawake hujifunza pamoja. Huvaa kinyago cha waya usoni, koti nene na glavu ngumu, na panga zao hazina makali. Husoma maneno ya Silver na ya walimu wengine wa kale, kisha husimama na kuyajaribu kwa mikono yao.

Baadhi ya vyama hivyo vimetwaa tena vyeo vile vinne vya London. Mgeni aingiapo huitwa mwanafunzi. Hufundishwa kwanza kumlinda mwenziwe asiumie, kisha namna ya kusimama, kwenda, kukinga na kupiga. Akiisha kuzoea huitwa mbele ya wenziwe wote, apigane na mmoja baada ya mwingine, kama walivyofanya watu wa Bishopsgate. Akifaulu huwa mwanafunzi huru. Na baada ya miaka aweza kuruhusiwa kufundisha. Vyama vingine havina vyeo kabisa, bali huwapima watu wao kwa mashindano tu. Kila chama kina kanuni zake, kwa kuwa hakuna tena mfalme aliyewapa wote hati moja. Kwa hiyo jina la cheo peke yake halimwambii mgeni jambo kubwa. Hana budi kuuliza, “Cheo hiki kilipatikana kwa jaribio gani, na ni nani walioona?”

Swali hilo lafaa kuulizwa si juu ya upanga tu. Siku hizi watu wachache sana wanahitaji upanga wa kujikinga, lakini kila mtu humhitaji mganga, fundi, hakimu na mwalimu. Hao nao huwa na vyeo, na maisha ya wengine hukaa mikononi mwao. Cheo chao kikiwa kimenunuliwa, au kimetolewa gizani kwa urafiki, atakayeumia si mwenye cheo, bali yule aliyemwamini. Ndiyo sababu walimu wazee wa London hawakumwonea mwanafunzi huruma walipomweka mbele ya watu 6 na upanga mkononi. Huruma yao waliwawekea wengine, yaani vijana ambao siku moja watakuja kujifunza kwake, wakiamini ya kuwa anajua.